Somo Aliyemwogesha

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na chumba kimoja Likoni nilichokiita ofisi, cha kuwasaidia wanawake waliopigwa au kunajisiwa. Sheria nilijisomea mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima na kamusi pembeni. Kila neno nililotaka kumwambia askari nililirudiarudia hadi usingizi ukanipaa. Niliamini kwamba nikikosea moja tu, kuna mwanamke atakayeumia.

Asubuhi moja aliletwa binti mmoja, fundi cherahani, mtu mzima anayejitegemea. Jirani yao mwenye duka alikuwa amemwingilia kwa nguvu jioni iliyotangulia. Alifuatana na mama yake na somo yake, yule bibi aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Nilipomtazama nilitaka kulia. Alikuwa safi mno! Ameogeshwa kwa maji ya moto na ndimu, amefukizwa udi, amevishwa leso mpya. Nguo alizoshambuliwa nazo zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa. Kwetu, likitokea la namna hiyo, huitwa somo kwanza, aje amtoharishe mwali wake. Ni huruma. Na huruma hiyo ilikuwa imeondoa kila kitu ambacho daktari angekitafuta.

Kituoni askari alimnusa, akacheka.

"Huyu anakuja kuripoti ama anaenda arusi?"

Mwenye duka alihojiwa, akaachiliwa. Ushahidi hakuna, tuliambiwa. Ijumaa alikuwa barazani kwake, kanzu imepigwa pasi, anatusalimu: "Hamjambo mabibi?" Ningekuwa na jiwe ningelirusha.

Tulirudi nyumbani kwa binti. Somo alikuwa pale, binti akaketi naye mkekani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyemwogesha. Uliona alivyoumizwa. Twende ukaseme."

"Niliyoyaona yamekwenda na maji."

"Bibi, yule mtu yuko nje anacheka!"

"Wewe umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Basi huyajui haya. Mwali hunivulia nguo kwa kuwa mdomo wangu umefungwa. Nikiufungua leo, kesho nani ataniita?"

Nilikuwa nimeyapanga majibu yangu vizuri, kwa hoja na vifungu vya sheria. Yote yalinitoka kichwani.

Binti ndiye aliyesema. "Somo yangu."

"Naam, mwali wangu."

"Siri hii ni yako au yangu?"

"Ni yako."

"Basi mimi nimeitoa. Kaseme."

Bibi akavuta buibui lake. "Nipeni viatu vyangu."

Askari alikuwa yule yule. Bibi alieleza mikwaruzo ya mgongoni na alama za vidole mikononi, bila kuinamisha uso.

"Na wewe mama, ulisomea udaktari wapi?"

"Mama yako alipokuzaa alishikwa na nani, daktari au mwanamke kama mimi? Andika!"

Aliandika. Bibi aliyarudia maneno yale yale mbele ya hakimu, na mwenye duka akafungwa.

Ungedhani mtaa ungemshukuru. Wanawake walikwenda kwa makundi kumpa pole mama wa mfungwa, na vyakula mikononi. Kwa bibi hawakwenda. Harusi iliyofuata, ambayo alikuwa amekwisha kuombwa, walimchukua somo mwingine kutoka Mtongwe. "Yule mdomo umempasuka," walisema, tena kwa sauti, akipita asikie. Mwanamume amemvunja mtu mwili, na hasira zote zikamwangukia mzee wa watu aliyesema kweli mara moja tu!

Nilipomwambia nitawaendea nyumbani mmoja mmoja, alinishika mkono.

"Usiwatukane, mwanangu. Ni wanawali wangu wale, wote nimewafunda mimi."

Niliwatukana. Na nikikutana nao leo, nawatukana tena.