Chupa Iliyoandikwa "Muscat"

Saa nne na robo asubuhi, tajiri wangu, Mfaransa aliyepata kukaa Unguja, alinipa chupa sita za mvinyo wa shamba moja la kusini mwa Ufaransa. Wageni wake wangezionja na kuzipa maksi. Mimi nisiyekunywa ningeandika. Nikifaulu, ningepata ukarani wa kudumu.

Nilikagua lebo, neno kwa neno. Moja iliandikwa "Muscat", jina la mji wetu wa Maskati kwa herufi za Kizungu. Basi imeghushiwa hapahapa! Nikaimwaga chooni.

"Nshaikamata ya bandia, bwana!" nilitangaza mbele ya wageni. "Imeandikwa Muscat!"

Wageni walicheka hadi machozi. Tajiri wangu hakucheka.

"Sheikh Nasoro, Muscat ni aina ya zabibu. Hiyo ndiyo waliyoijia."

Ukarani wa rupia themanini kwa mwezi ulikuwa umeshakwenda na maji.