Kanda Mbili za Gitau

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyokemewa na mama mmoja wa Gatongora huku akimpaka mjukuu wake mafuta. Hakupandisha sauti. Mtoto hata hakuacha kunyonya kidole. Lakini maneno yale yamenifuata kila nilikohamia, nami nimehama kwingi.

Wakati huo nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nilichuma kahawa Ruiru, nikapakia magunia sokoni Thika, nikachanganya saruji kwenye mijengo, kazi yoyote isiyouliza cheti. Kitu kimoja tu nilikifanya kwa utulivu, nacho ni kusikiliza hip-hop. Wenzangu walisikiliza wimbo mmoja wakaurudia. Mimi niliweka kanda nikaisikiliza yote, upande huu na ule, kisha nikaitafuta ya zamani ya msanii huyohuyo nikazilinganisha. Nilitaka kujua mtu ametoka wapi na anaelekea wapi. Basi vijana tuliokutana kwa kinyozi pale Gatongora wakazoea kuningoja. Albamu mpya ikitoka, iwe ya Nairobi au ya ng'ambo, waliniuliza kama imefikia ile ya kwanza. Nikajiona hakimu. Kuna sifa inayomlevya mtu asiye na cheti, mwanangu, kuliko pombe.

Rafiki yangu Gitau alikuwa akighani. Baba yake, Mzee Mwaura, aliugua akafariki, wakamzika shambani kwao, kando ya migomba. Mwaka uliofuata Gitau akatoa albamu yake ya kwanza, akaiita Udongo Mbichi. Aliirekodi Thika, kwenye studio ya chumba kimoja iliyobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Ngoma zake zilikuwa nzito, za polepole, na mwisho wa kila wimbo alimwita baba yake kwa jina, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Watu wazima walilia. Kutoka Thika hadi Ruiru hukupita duka la kanda usiisikie.

Miaka michache baadaye Gitau akaoa, akapata mwana wa kwanza. Kwa desturi yetu mwana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, basi mtoto akaitwa Mwaura. Hapo ndipo Gitau akatoa albamu ya pili, Mlango Wazi. Ngoma zilikuwa za kasi. Katikati ya wimbo mmoja alicheka, na hakukikata kicheko kile. Jina la Mwaura lilikuwemo tena, ila sasa aliliita kama anayemkimbiza mtoto uani.

Aliniletea mimi kwanza, kabla ya kuipeleka madukani. Alipoondoka, tukaiweka kwa kinyozi.

"Hii ni ya kulalisha watoto, buda," kinyozi akasema, mashine mkononi.

Mwingine akauliza kama siku hizi Gitau anapewa uji kabla ya kuingia studio. Tukacheka, kisha wote wakanigeukia. Nikazilinganisha kanda zile wimbo kwa wimbo, nikatoa hukumu: ile ya kwanza ina uzito, hii ni povu, na Gitau amemsahau baba yake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Maneno yalimfikia siku ileile. Alizifungia kanda zote sandukuni, akasema atatengeneza nyingine iliyo kama ya kwanza. Na ili aipate tena ile sauti, akaanza kwenda kaburini. Kila jioni alibeba redio ndogo ya kurekodi, akaketi kando ya udongo wa baba yake, akingoja machozi yaje ili ayanase. Akawa hali chakula vizuri. Kazi yake ya kuchomelea mageti akaiacha. Mtoto akilia, yeye alifunga mlango asimsikie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi kwa kinyozi tulikuwa tukifurahi kwamba Gitau wa zamani anarudi.

Ndipo mama yake akaniita Jumapili ile, baada ya kanisa. Alinipa chai na kiazi kitamu, akangoja nimalize. Mtoto alikuwa mapajani mwake, aking'aa mafuta.

"Wewe ndiye yule wa kupima nyimbo?"

"Ndio, Mama."

"Na ulisema Gitau amemsahau baba yake."

Nikatazama kikombe. Akamwinua mtoto, akamweka mbele ya uso wangu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Mwaura."

"Mimi namwita mzee wangu. Asubuhi namuuliza, mzee, umelalaje? Lakini sijamwambia anipasulie kuni. Sijamuuliza ndevu ziko wapi. Namwangalia hivi, naona kidole cha marehemu, nafurahi. Pua siioni, nasema sawa, hiyo amekuja na yake."

Akamrudisha mapajani, akaendelea kumpaka miguu.

"Sasa wewe umechukua kanda ya mtu anayecheka, ukaiuliza mbona hailii. Mume wangu nilimzika mara moja, kijana. Gitau mnataka amzike kila siku, ndio nyinyi mpate ngoma?"

Wazee walisema mwerevu ni yule aliyeshauriwa, lakini hawakusema ushauri huwasha namna gani unapoingia.

Niliondoka pale nikaenda kukaa kwenye mawe karibu na reli, nikiwa na redio na kanda zote mbili, maana nakala aliyoniletea Gitau ilikuwa imebaki kwangu. Nilizisikiliza upya bila kupima. Nilitafuta ufanano tu, kama yule mama anavyotafuta kidole. Nikauona. Ngoma iliyofungua Udongo Mbichi ndiyo iliyofungua Mlango Wazi, mapigo yaleyale, yamekazwa mwendo. Ilikuwa huzuni ileile, ila sasa imepata miguu na inatembea. Mtu asiyewahi kuzika hangeweza kucheka namna ile. Nami, hakimu wa masikio, nilikuwa nimesikiliza uzito peke yake.

Nilimkuta Gitau kando ya migomba, redio mapajani. Alikuwa amekonda.

"Sauti haiji," akaniambia, kabla hata ya salamu.

"Wacha isije. Ile uliyofungia ni nzuri. Mimi ndiye sikuisikia."

Akazima redio, akaniuliza kama mtoto bado hajalala.

Nikarudi kwa kinyozi kuitengua hukumu yangu mbele ya wote. Wakaniuliza kwa Mama Gitau nilipewa vikombe vingapi vya chai. Sikujali. Kanda ikaenda madukani, na sitakudanganya, haikuvuma kama ile ya kwanza. Gitau hakutoa ya tatu. Alirudia mageti yake, na hadi leo anaghani akichomelea, hasa akidhani hakuna anayemsikia. Yule mtoto sasa ni mwanamume mzima, na hip-hop hana haja nayo. Yeye ni wa kwaya.

Nakuandikia haya kwa sababu nawasikia nyinyi vijana, simu mkononi, mkibishana albamu za zamani na za sasa. Nafurahi. Linganisheni, ndivyo masikio yanavyokomaa. Lakini mwanangu, albamu mpya ni kama mtoto aliyepewa jina la babu. Ukiipata, tafuta kwanza ilichorithi, kisha heshimu ilichokuja nacho. Usiidai ndevu. Msanii aliyekufariji kwa kilio chake hana deni la kulia maisha yake yote. Na wewe mzee mwenzangu unayesema muziki ulikufa na enzi zetu, kaa chini usikilize hadi mwisho kabla hujafungua kinywa. Fanyeni hivyo hata nje ya muziki. Rafiki uliyemjua akiwa na majonzi akija kwako amepona, usimwambie amebadilika kana kwamba amekukosea.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Akujalie wa kukukemea kwa upole ungali kijana. Na siku utakapoinuka kutoka kwenye huzuni yako, wasikosekane watu wa kukufungulia mlango na kukuambia, karibu, tumekungoja.