Chumvi ya Mwadi Iliyokwenda Delaware

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Mwadi alimnyang'anya mumewe mwiko. Kalenga alikuwa anasonga bukari, ugali wa mahindi, ili amalizie mboga ya sombe ya jana, maana kwao Katanga mzee akila mkate asubuhi anahesabu hajala. Mwadi akachungulia sufuria, akayatazama mabuje, akasema kokoto za mgodini ni laini kuliko hayo. Akasonga mwenyewe.

Kisha akatoka kwenye balkoni ya nyumba yao, ghorofani huko Berchem-Sainte-Agathe mjini Brussels, kuyasalimu mahindi yake. Aliyapanda ndani ya ndoo ya rangi. Yalikuwa yamefika magotini, na jua la Ubelgiji lilikuwa bado linayaonea haya. Akamkumbusha Kalenga atoe mifuko ya takataka, mweupe na ule wa rangi ya machungwa, bluu si leo. Kalenga akatoa wa bluu.

Mchana Mwadi alianguka kwenye kituo cha tramu. Hakuamka. Basi.

Mahindi yale ya ndooni yana habari yake, na mwenye kuisikia habari hiyo amemjua Mwadi.

Alizaliwa Likasi. Mama yake hakumwachia dhahabu, alimwachia neno: ukifika nchi ya watu, kabla hujanywa maji yao, uliza mwenye udongo ni nani, umpelekee chumvi. Si chifu wala serikali, hao huja na kuondoka. Mwenyi bulongo, kama wanavyosema kwao, ni yule ambaye wazee wake walilala kwanza ndani ya ardhi ile.

Walipohamia Brussels, watu wengine walitafuta kwanza kazi na makoti. Mwadi alikwenda ofisi ya mtaa kuuliza mwenyi bulongo wa Berchem ni nani. Wakampa namba ya foleni. Ilipofika zamu yake wakampa karatasi ya mifuko ya takataka, ile ile ambayo Kalenga hajaielewa hadi leo. Akaamua kutafuta mwenyewe. Akampata Madame Godelieve, bibi Mbelgiji wa Kiflamand aliyelima mboga za liki nyuma ya nyumba, babu zake wote wamezikwa pale pale karibu na kanisa. Mwadi akavaa kitenge cha sikukuu, akampelekea chumvi ya kwao, iliyosafiri kutoka Likasi ndani ya chupa ya mayonezi.

Ulikuwa mwezi wa kwanza, barafu kila mahali. Madame Godelieve akashukuru sana, akaimwaga chumvi yote kwenye ngazi za mlango wake ili asiteleze.

Kalenga alidhani mkewe atalia. Mwadi alirudi nyumbani anacheka. Mwenye udongo amepokea, alisema, tena ameikanyaga kwa miguu yake miwili, mnataka nini zaidi. Wanawake wale wawili walipeana liki na sombe mpaka Madame Godelieve alipokwenda kuwafuata babu zake.

Kazi ya Mwadi ilikuwa kusafisha ofisi upande wa Etterbeek. Alitoka jioni, wakati watoto wanataka kula. Kwa hiyo aliyesonga bukari nyumbani ni Kalenga, na Sephora, kitinda mimba wao, alijifunza kupika kwa baba yake. Hilo lilikuwa doa la familia. Halikutajwa mbele ya wageni.

Sephora alipokua alimleta nyumbani kijana wa Kimarekani, Aaron. Alikuwa mwanafunzi, mrefu, mpole, anakula pilipili huku machozi yanamtoka na anasema ni tamu. Kalenga alimpenda siku ile ile. Lakini baba kupenda si kitu, ilibidi mama akubali, na Sephora alikuwa ameshasema wazi: bila ndiyo ya maman haolewi, na bila Aaron haolewi pia.

Siku ya kuposa ikawekwa. Aaron hakuwa na mjomba wa kumsemea, akaja na Otieno, Mkenya aliyekaa naye nyumba moja. Otieno alivaa tai, akasimama, akaanza kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: wao ni wasafiri, wameona ua zuri katika bustani hii. Mwadi akamwambia akae, bukari inapoa.

Upande wa binti msemaji alitakiwa kuwa kaka yake Kalenga. Mwadi alimwachia kiti, kazi akaichukua mwenyewe. Akamwangalia Aaron.

"Mutoto yangu, kule unapeleka Sephora, mwenyi bulongo ni nani?"

Otieno alieleza kwamba Delaware, jimbo la kwao Aaron huko Marekani, ina gavana, actually anachaguliwa na watu.

"Gavana ni mupangaji, papa Otieno. Miye nauliza mwenyi kiwanja."

Hapo Aaron akachangamka, maana historia ya kwao aliipenda kuliko mpira. Akaonyesha nchi yenyewe kwenye simu: ndogo, imening'inia ukingoni mwa bahari kama soksi kwenye kamba. Ni bapa yote. Mpaka wa juu ulichorwa duara kuzunguka mahakama ya mji mmoja, kama mtu anayekata andazi kwa bilauri. Kilima chao kirefu kabisa alikitaja kwa aibu, akasema na urefu wake. Kalenga, aliyetumikia miaka mingi chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, akafungua mdomo mara yake moja siku ile.

"Alors, chemineya ya kwetu inapita mulima yao."

Kila mtu alicheka, hata Aaron. Mwadi hakucheka, alikuwa anangoja jibu.

Aaron akaendelea. Jina la nchi limetoka kwa bwana mmoja wa Kiingereza ambaye hakukanyaga pale hata siku moja. Mwadi akaitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nchi ambayo mji wake mkuu uliitwa Léopoldville, kwa jina la mfalme ambaye naye hakuikanyaga.

Wenyeji kaskazini walikuwa Walenape, kusini Wananticoke. Waholanzi wakaja, wakajenga, wakatundika juu ya mti bati lenye nembo yao. Mwenyeji mmoja akaona bati zuri, akalichukua atengeneze kiko. Waholanzi wakalalamika mno. Wenzake, kwa kutaka amani, wakamuua. Ndugu za marehemu wakalipiza, wakawamaliza Waholanzi wa pale.

"Watu kufa juu ya bati," alisema Mwadi polepole. Akamsukumia Aaron maji.

Baadaye wakaja Waswidi, na mababu wa Aaron upande wa mama walikuwa humo. Wao waliwapa wenyeji vyungu na vitambaa, wakasema wamenunua. Wenyeji walielewa kwamba wamewakaribisha tu watumie ardhi pamoja. Waholanzi wakarudi, wakawanyang'anya Waswidi. Waingereza wakawanyang'anya Waholanzi.

Mwadi akapiga paja. Haya aliyajua.

"Parcelle ya Lubumbashi," alisema. "Banauzisha mara tatu, na mwenyewe iko mu kiwanja anapika."

Akauliza kama wenyewe bado wapo. Aaron akasema wapo, wachache, wengi wao walisukumwa mbali, lakini waliobaki kila mwaka wanakutana wanacheza ngoma. Akasema mababu zao walilima mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Uso wa Mwadi ukafunguka. Hivyo hivyo ndivyo mama yake alivyolima Likasi. Sephora akaanza kupumua. Ndiyo ya maman ilikuwa mlangoni, inavua viatu.

Ndipo Aaron, kwa uzuri wa roho, akaongeza kwamba mahindi yenyewe yalitoka kwa watu hao. Zamani Afrika haikuwa nayo. Yalikuja kwa meli.

Sephora alimpiga teke chini ya meza, likampata Otieno.

Mwadi aliamini kwamba Mungu aliumba Katanga, akaumba mahindi, kisha akaumba mtu wa kuyala. Alisimama, akakusanya sahani kabla watu hawajamaliza. Jikoni alimwambia Kalenga kwamba mtu akinyang'anya udongo unaweza kumsamehe, baba zake walimfundisha vibaya, lakini mtu anayekaa mezani kwako, bukari yako mdomoni, akakwambia si yako, huyo utamwozaje mtoto?

Otieno alijaribu kuokoa kwa methali, kwamba mgeni ni kuku mweupe. Mwadi akamjibu kuku huyo alie taratibu. Hata hivyo mila ni mila. Aliijaza chumvi chupa ya mayonezi, akamkabidhi Aaron mlangoni. Aipeleke kwa mwenyi bulongo wa kwao. Jibu likirudi, ataona. Lisiporudi, Sephora atabaki Berchem.

Majira ya joto Aaron alikwenda kwao. Sephora alikonda. Kalenga alisonga bukari nzito kila siku ili ampe nguvu, na Sephora alizidi kukonda.

Aaron aliporudi, alikuja peke yake, bila tai wala msemaji. Alisema alikwenda kwenye mkutano wa Wananticoke na chupa yake mkononi, akachekwa kidogo, akapelekwa kwa bibi mmoja mwenye nywele nyeupe. Akamweleza yote, hata ugomvi wa mahindi. Bibi akaonja chumvi. Akaonja tena. Akaingia nyumbani, akatoka na mahindi makavu, mekundu na ya bluu. Aaron aliyavusha ndani ya soksi, na mbegu zake ndizo hizo za ndooni.

Na bibi alituma ujumbe. Kwamba chumvi imefika. Kwamba wao pia wana binti aliyeolewa mbali zamani, mahindi, tangu aondoke hawakupata barua. Wanauliza: huko kwenu mlimtunza?

Kalenga alimtazama mkewe. Mwadi aliligeuza hindi la bluu mkononi, akalikuna kwa kucha, akalinusa. Akaenda kwenye dirisha, akawapa wote mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Vitunguu havikuwapo.

Akamwambia Aaron akae. Sephora alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwiko wa baba yake kama mshumaa.

"Bon," Mwadi alisema. "Utamwambia ule maman: mutoto wake tulimutunza, alizala sana, kila nyumba ya Katanga iko naye. Na sasa tunamutumia wa kwetu, amutunze vile vile. Na kama bukari ya Sephora inatoka na mabuje, asinihukumu miye. Ni baba yake njo alimufundisha."