Makala Mbili za Mihogo

Maryamu Sabiri alifundisha Kiswahili katika chuo kimoja mjini Korogwe. Jirani yake wa mtaa wa Masuguru, Fabiani, mtafiti wa mazao, alimwomba waandike pamoja makala kuhusu ugonjwa wa mihogo Handeni. Fabiani alipima majani na mizizi. Maryamu aliongea na wakulima, hasa Bibi Zuena, aliyeridhia jina lake litajwe na kumsimulia jinsi mihogo yake ilivyooza chini kwa chini huku majani yakipendeza.

Makala waliiandika kwa Kiingereza, wakaipeleka kwenye jarida la kilimo. Maoni ya wahakiki yalipokuja, Maryamu aliyasoma akahisi kama amepigwa kofi. Hapakuwa na salamu wala neno la kutia moyo. Ondoeni "nilikwenda", mwandishi asijitaje. Huyo Bibi Zuena mwiteni mkulima wa tatu. Maelezo yapungue nusu.

Fabiani alifurahi mpaka akaagiza chai na sambusa. "Dada Maryamu, hawa wametukubali. Wangekuwa hawatutaki, wasingehangaika kutuonyesha pa kurekebisha."

"Wametukubali, na bibi wa watu wamemfuta."

Maryamu alirekebisha, ila roho haikutulia. Akaandika makala nyingine kwa Kiswahili, kuhusu namna wakulima wa Kizigua wanavyoutaja ugonjwa ule, akaweka na jina la Fabiani, akaipeleka kwenye jarida la lugha. Huko mhakiki mmoja alijaza kurasa saba. Aliwapongeza kwanza, kisha akabishana nao kuhusu neno "ugonjwa" peke yake, na mwisho akauliza mbona mwandishi amejificha.

Safari hii aliyenuna ni Fabiani. Alisema mtu huyo amekosa kazi. Ikabidi Maryamu ambembeleze, amweleze kwamba kwao, watu wa lugha, mtu akibishana nawe hivyo amekuheshimu. Alipojisikia akisema maneno hayo, hasira yake kwa wale wa kilimo ikapungua.

Makala zote zilichapishwa, wakazipeleka Handeni. Baada ya shikamoo, Fabiani alimtafsiria Bibi Zuena jedwali la mbegu zilizostahimili. Bibi akauliza zinapatikana wapi, akarudiarudia jina la mahali hapo ili asilisahau. Kisha Maryamu akamsomea, katika makala ya Kiswahili, ukurasa wenye jina lake na masimulizi yake. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani.

"Mwanangu," alisema ulipokwisha, "rudia hapo nilipong'oa shina la kwanza."

Maryamu akarudia, taratibu. Fabiani naye alisikiliza.