Vumbi la Jiko Langu ni Langu

Leo mtu kaniomba uchafu wa jiko langu. Nimemnyima!

Asubuhi lile jiko langu la feni, linalokula vidonge vya maranda, liligoma. Vidonge havishuki, feni inakoroma tu, na wachimbaji wamejaa kibandani kwangu wanasubiri chai.

Chacha, mwenye karasha ya kusaga mawe hapa jirani, akaanza: "Mama Bhoke, si nilikwambia urudi kwenye mafiga? Mashine tuachie wanaume."

Nikachomoa waya, nikalifungua lote.

Jamani! Njia ya vidonge imeziba kwa vumbi la mawe. Vumbi la karasha yake, anayosagia mawe ya dhahabu kutwa nzima huku sisi tunakohoa!

Nikalikung'utia kwenye kopo, nikawasha. Moto huo!

Kibanda kizima kikacheka. Chacha hakucheka. Macho yake yote kwenye kopo.

"Mama, hilo vumbi usimwage. Nipe nikalioshe, huenda lina kitu."

Eti lina kitu! Mbona tulipokuwa tunalimeza hukulidai?

Kopo liko chini ya kiti changu hapa ninapoandika. Semeni wenyewe, nimekosea?

Ila karai la kuoshea vumbi nimeshaazima. Tena kwa mama yake Chacha.