Afisa Mwenye Kovu Kidevuni

Juzi niliiona tena kwenye simu ile filamu ya mapinduzi ya Kichina, na harufu ya tangawizi ikanirudia puani.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa akimtunza mzee mmoja wa Kichina, nyumbani kwake Beltsville, huku ughaibuni, nyumba iliyonukia tangawizi. Shule zikifungwa, alinichukua kwenda naye. Hadithi ya filamu hiyo niliijua tayari, maana Mama alikisoma kitabu chake kwa Kiswahili akiwa msichana Tabora, na alinisimulia kila aliponisuka.

Alasiri moja mzee aliweka kanda ya filamu hiyo. Dada mwanamapinduzi alifungwa kwenye nguzo, mjeledi unalia, damu inamchuruzika hadi miguuni, naye hamtaji mwenzake hata mmoja. Kisha afisa aliyekuwa akimchapa akageuka. Alikuwa na kovu kidevuni. Mzee akagusa kovu lake mwenyewe, akajipiga kifua, akacheka.

Nilichukua mwiko ambao Mama alisongea ugali wetu, nikampiga nao usoni. Nikampiga tena. Nyusi ikapasuka.

"Umemuua mzee wa watu!" Mama alipiga yowe, akaninyang'anya mwiko na kunichapa nao mgongoni. "Leo nafukuzwa kazi!"

"Ni yeye, Mama! Ndiye aliyemchapa dada!"

Mama akaitazama runinga, akamtazama mzee. Mwiko ukabaki hewani.

Mzee alisimama akiyumba, akainama mbele yangu taratibu, mpaka damu ikadondoka kwenye zulia. Nilidhani anaomba msamaha, nikamgeuzia mgongo. Miaka mingi baadaye niliona waigizaji wakiinama hivyo jukwaani, mchezo ulipokwisha. Kumbe alikuwa akinishukuru, mtazamaji aliyeamini uigizaji wake.