Kiu ya Watu wa Reli

Mishindo ilianza kabla hatujanywa chai, vikombe vikatetemeka kabatini. Walikuwa wanachimba njia ya treni ya chini kwa chini mtaani kwetu Al Rigga, Dubai, na mimi, msichana wa darasa la tatu, ningeizoea kama watoto wengine wa jengo letu lau Nyanya asingekuja kututembelea kutoka kwetu Maungu, bara ya Mombasa, msimu ule wa joto. Baba alikuwa dereva wa lori la maji ya kunywa, akiwapelekea wajenzi wa treni hiyohiyo upande wa Garhoud, ambako nguzo zilisimamishwa juani. Nyanya aliposikia alishika kichwa. "Mwanangu, kazi zote za Dubai, wewe ukachagua reli?"

Babu yake Nyanya alikuwa kibarua wa reli ya Mwingereza, ile iliyotoka Mombasa kwenda bara. Nyanya alinisimulia tukikunja nguo, kwa sauti ya mtu anayemsengenya jirani. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, vyuma vikilazwa juu ya mataruma siku baada ya siku, wazungu wakitabasamu. Walipoingia nyika ya Taru mambo yakaharibika. Miiba iliwachana, funza wakawala vidole, punda wa mizigo wakafa mmoja mmoja, na maji hakuna. Yaliletwa kwa treni kutoka nyuma, juu ya reli waliyoijenga wenyewe. Tuta likibomoka, treni haifiki. Siku moja haikufika kabisa. Mdogo wake huyo babu alikufa akilamba koleo, maana chuma cha asubuhi kilikuwa na ubaridi. Nyumbani kwao, siku hiyohiyo, watu walikuwa wamekunywa wakashiba. Tangu hapo ukawa mwiko wa ukoo wetu: mtu wetu akiwa kazini relini, nyumbani hanywi mtu mpaka ijulikane kwamba huko maji yamefika.

Basi Nyanya akauleta mwiko wake Dubai, mwezi ambao ukigusa mlango wa gari unaungua! Baba alicheka, lakini kwake mama ni mama, kwa hiyo kila akifika Garhoud alimpigia simu: "Yamefika, kunyweni." Mama, aliyeuza manukato dukani, alikunywa yake hukohuko kazini na kunikonyeza jioni. Mimi sikuthubutu. Niliogopa, jamani, niliogopa hata kusukutua kinywa.

Siku moja simu haikulia. Adhuhuri ikapita. Nyanya alikuwa na kisukari, na Mama alishamwonya, lakini alikaa sakafuni ameegemea kochi, midomo imemkauka, akisema, "Subiri, subiri kidogo." Nikampigia Baba, simu ikaita bila kupokewa. Nikampigia Mama, dukani kwao simu zilifungiwa kabatini mpaka mapumziko. Kisha Nyanya akaanza kuniita kwa jina la dada yake marehemu, macho yakampanda juu. Nikasimama na gilasi mkononi. Nilijua, kwa uhakika wa mtoto, kwamba nikimpa maji, Baba anakufa. Nisipompa, anakufa yeye. Nilimpenda Baba zaidi. Nikamnywesha Nyanya.

Alikunywa kidogo kidogo, akalala mapajani mwangu, nami nikaanza kumlilia Baba kimyakimya. Kila honi ya barabarani niliidhani gari la wagonjwa. Alasiri mlango ukafunguliwa, Baba akaingia na vumbi hadi kwenye kope. Lori lilikuwa limeharibika njiani. Alihangaika chini yake, simu ameiacha ndani. Alipomwona mama yake akapaza sauti: "Yalla, hospitali!" Akambeba, nami nikamfuata nimeng'ang'ania shati lake mpaka likachanika.

Nyanya alipona. Alipojua nilimnywesha kabla ya simu hakunigombeza. Alimwita tu Baba karibu na kitanda, akampapasa mikono, mabega na uso, kisha akageukia ukutani.

Leo natoka Al Mankhool kwenda kazini Garhoud kwa treni hiyo, haina dereva, ubaridi wake wa friji, na abiria wote wameinamia simu zao. Baba sasa ni mzee, anaishi Maungu, mzima wa afya. Mwiko wenyewe siuogopi tena, na binti yangu anakunywa maji anapotaka. Ninachokiogopa ni kingine. Siku ile, kama Baba angepatwa na ajali ya kawaida tu, gari kwa gari, hadi leo ningeamini kwamba ni mimi niliyemuua, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuniambia la, nikamsikia.